Kudai fidia ya neva (mishipa ya fahamu) zilizoumia baada ya chanjo: tarehe ndizo kesi yenyewe

Hatua ya kwanza ni hospitali. Wakili baadaye. Ganzi inayoanzia nyayoni na kupanda, huku miguu ikilegea siku hadi siku, haingoji Jumatatu. Huenda ni ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva, na ukifika kwenye misuli ya kupumua unaua. Uliye Tanga mjini, nenda hospitali ya Bombo leo hii. Mwambie daktari siku uliyochomwa sindano, na kama uliharisha wiki chache kabla, mwambie pia, hata ukihofia litaharibu madai. Bakteria wa kuharisha aitwaye Campylobacter anajulikana sana kuuanzisha ugonjwa huu, na mahakamani utaulizwa.

Hatua ya pili, karatasi. Ipige picha kadi ya kliniki pande zote mbili. Tafuta tarehe, jina la chanjo na namba ya bachi, yaani ya toleo la chanjo hiyo. Namba isipokuwepo, iombe kituoni kwa maandishi, waitazame kwenye rejesta. Kisha chukua daftari uandike: sindano ilichomwa wapi mwilini, ganzi ilianza lini, siku gani ulishindwa kupanda daladala. Mtoto aliyechomwa takoni akaanza kuburuta mguu palepale, dai lake ni kwamba sindano iligusa neva kubwa ya mguu, yaani uzembe wa mchomaji. Ganzi iliyoanza wiki mbili baadaye ni dai jingine kabisa: kwamba kinga ya mwili imeshambulia neva. Hilo ni gumu, na bila ripoti ya daktari bingwa wa neva halisimami. Marekani wana mfuko maalumu tangu 1988, na Guillain-Barré ikianza kati ya siku ya 3 na ya 42 baada ya chanjo ya mafua, mdai hupewa nafuu ya kuthibitisha chanzo. Kwetu Tanzania mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Tatu, toa taarifa kituoni na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Taarifa si dai, wala haisimamishi muda.

Nne, muda, na hapa ndipo wengi ninaowasaidia wanapoumia. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Kituo kikiwa cha serikali, unatanguliza notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, ndipo ufungue kesi Mahakama Kuu. Mtu anakuja amebakiwa na mwezi mmoja! Huna pesa ya wakili? Muone msaidizi wa kisheria mapema, huduma ni bure. Na ukiletewa hela ya nauli pamoja na karatasi ya "tumeshamalizana", usisaini kabla msaidizi huyo hajaisoma.