Somo: Kuotesha vinka kwa mbegu, ua la mwaka mzima kwa Dar

Wanabustani, habari za leo. Wengi mmeomba ua linalochanua mwaka mzima na kudumu zaidi ya msimu mmoja bila kudai maji kila jioni. Kwa Dar jibu langu ni vinka, lile ua la petali tano, jeupe au la waridi, lenye kijicho chekundu katikati, mnaloliona kwenye nyua, kando ya ngazi na hata makaburini. Asili yake ni Madagaska, na wataalamu wa mimea huiita Catharanthus roseus. Jua kali na mchanga wa pwani ndiyo maisha yake. Kinachoiua mjini hapa ni maji, tena maji ya mtu anayeipenda sana. Karibu kila hatua hapa chini inahusu namna ya kuiepusha na maji ya ziada.

Hatua ya kwanza ni kalenda. Sia mbegu masika yakishakatika, mwisho wa Mei au Juni. Miche itakulia kwenye kipupwe, mvua ni chache na jua halijawa kali, na ukiitunza vizuri utaona maua Agosti au Septemba. Ukisia Februari, miche inakutana na mvua za Machi na Aprili ikiwa bado michanga, na hapo ndipo watu wanasema vinka ni ngumu. Si ngumu, ila imeanzishwa wakati mbaya.

Pili, udongo wa kusia. Changanya sehemu moja ya udongo mweusi uliochekechwa, moja ya mchanga na moja ya makumbi ya nazi yaliyosagwa. Wauza madafu wanayatupa makumbi kila siku, waombe. Yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa kwanza ili chumvi itoke. Samadi usiweke kwenye trei ya mbegu kabisa, hasa mbichi, maana inaunguza mizizi na kuleta kuvu. Kama huna trei, kata kopo la mafuta la plastiki kwa ubavu na ulitoboe matundu mengi chini. Narudia, mengi.

Tatu ni kusia, na hapa naomba tukae kidogo. Maua mengi yenye mbegu ndogo huachwa juu ya udongo yapate mwanga. Vinka ni kinyume chake, mbegu yake inataka giza ndipo iote. Lowanisha udongo kwanza, uache maji yachuruzike yaishe. Tawanya mbegu bila kuzirundika, kisha chekechea udongo mwembamba juu yake, nusu sentimita inatosha. Funika trei kwa gazeti zito au mfuko mweusi, uiweke mahali penye joto. Mbegu inapenda nyuzi 24 hadi 27. Usiku wa Julai hushuka chini ya hapo, kwa hiyo rafu ya jikoni ni bora kuliko baraza. Kuanzia siku ya tano funua kila asubuhi utazame. Kwa kawaida zinaota kati ya siku 7 na 15.

Utakachokiona kwanza ni vishina vilivyopinda, kichwa bado kimezama udongoni. Siku hiyohiyo ondoa kifuniko, maana ukichelewa miche inarefuka, inapauka na kulala. Iweke kwenye mwanga mwingi lakini si jua la saa saba mchana. Ukitazama kwa karibu utaona vishina vingine vina wekundu na vingine ni kijani kitupu. Vyenye wekundu mara nyingi ni vya maua ya waridi, na vya kijani ni vya maua meupe. Mtu anayetaka kupanga rangi anaweza kuanza kutenganisha hapo hapo.

Kumwagilia miche: weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo, ifyonze kutoka chini mpaka juu pawe na rangi ya kulowa, kisha itoe. Usimwagie tena mpaka udongo wa juu uwe mkavu ukiugusa. Ugonjwa wa kinyausi ndio adui hapa. Mche unasinyaa shingoni, pale unapotoka udongoni, na kuanguka ukiwa bado kijani. Ukiona hivyo, ng'oa ulioanguka pamoja na udongo unaouzunguka, punguza maji, na usogeze trei penye upepo.

Nne, kuhamisha. Mche ukiwa na majani manne hadi sita ya kweli, mbali na yale mawili ya kwanza, upeleke kwenye kiriba kidogo. Ushike kwa jani, usiushike shina. Hapa sasa weka samadi iliyooza vizuri, kiasi cha robo ya mchanganyiko. Usizidishe, kwani mbolea nyingi inakupa majani mapana na maua ya kuhesabu.

Mche ukifika kimo cha kidole, kata ncha yake ya juu kwa kucha. Inauma kuukata mche uliohangaika nao, najua, lakini usipofanya hivyo utapata kijiti kimoja kirefu chenye maua matatu juu. Ukikata, unatoa matawi pembeni, na kila tawi linachanua.

Tano, bustanini. Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku, na uache sentimita 25 hadi 30 kati ya mche na mche. Wenye mchanga wa Mbezi au Kigamboni hamna kazi kubwa, changanyeni mboji kidogo tu. Wenye udongo mzito wa mabondeni, inueni tuta mpaka nusu ya goti na kuchanganya mchanga, la sivyo Aprili haitawaachia kitu. Mimea ikishashika, mwagilia mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, asubuhi, kwenye shina. Usiinyeshee juu ya maua. Maua makavu hudondoka yenyewe, huna haja ya kuyachuma.

Mbegu za msimu ujao zipo kwenye mmea wako. Baada ya ua kuanguka hutokea vifuko viwili vyembamba vya mbegu, vilivyosimama pamoja kama pembe. Vikianza kugeuka manjano, vichume uviache vikauke ndani ya bahasha ya karatasi. Ukingoja vikauke mtini vitapasuka na kumwaga mbegu chini.

Maswali ya wanachama

Swali (Kigamboni): Shikamoo mwalimu. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Vinka itavumilia?

Jibu: Marahaba. Ikishakua inavumilia upepo wa bahari na chumvi kidogo. Mbegu na miche haiwezi. Kwa wiki za mwanzo tumia maji ya mvua au ya bomba, hata ukinunua dumu moja, kwa sababu trei inakunywa kidogo sana. Baadaye ukitumia ya kisima, mwagia kwa wingi mara chache ili chumvi isukumwe chini.

Swali (Tabata): Vinka zangu zilikuwa zimejaa maua. Mvua ya siku mbili, zikanyauka ghafla huku udongo umelowa. Nikaongeza maji, zikafa. Ni nini?

Jibu: Pole sana dada. Mmea unaonyauka kwenye udongo uliolowa umeoza mizizi, kwa hiyo kuongeza maji kunaumaliza. Ng'oa mmoja uutazame: mizizi itakuwa ya kahawia na laini, ngozi yake inavuka ukiivuta. Hakuna dawa ya kuurudisha. Toa yote iliyougua, usiitupe kwenye mboji, na usipande vinka hapo hapo msimu ujao. Inua tuta au hamia kwenye vyungu.

Swali: Mama mkwe anasema majani yake yanachemshwa kwa ajili ya kisukari. Nimpe?

Jibu: Hapana, tafadhali, na naomba umweleze kwa upole. Mmea huu una sumu ukinywewa. Watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliuchunguza kwa sababu Jamaika watu waliunywa kwa kisukari. Walichokiona kwa panya ni chembe nyeupe za damu kushuka, zile zinazokinga mwili. Kutokana na hilo ikapatikana dawa ya saratani iitwayo vinblastini, waliyoitangaza mwaka 1958, na baadaye watafiti wengine wakapata vinkristini, ambayo hutumika kutibu saratani ya damu kwa watoto. Hizo hupimwa na kusimamiwa hospitalini. Sufuria ya nyumbani haipimi. Mama aendelee na kliniki yake. Na wenye watoto wanaotambaa, wekeni vyungu juu.

Swali: Nilisia mbegu za ua jekundu nililonunua kitaluni, zimetoka za waridi.

Jibu: Huenda ulilonunua lilikuwa chotara. Mbegu za chotara hazirudishi rangi ya mama. Ukitaka rangi ileile, chukua kipande cha tawi changa kisicho na ua, urefu wa kidole, ukichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini.

Swali: Zangu zina miaka mitatu, zimekuwa miti mitupu chini, maua juu tu.

Jibu: Zikate mwisho wa Mei, ubakize theluthi moja, na uhakikishe kila tawi limebaki na majani machache. Zisipochipua ndani ya mwezi, zimezeeka. Panda zile mbegu ulizohifadhi kwenye bahasha.