Kuimarisha Chesesi ya Gari la Zamani Lisilo na Fremu kwa Mbio za Dragi

Magari mengi ya zamani yanayofufuliwa katika gereji za Mombasa kwa ajili ya mbio za dragi, yaani mbio fupi za kasi kwenye njia iliyonyooka, kama vile Datsun 1200, Ford Escort na Toyota Corolla KE20, hayana fremu ya chuma inayojitegemea kama ile ya lori au Land Rover. Kinacholibeba gari ni sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa, na vyote hivyo ni mabati yenye unene wa takriban milimita moja, yaliyokunjwa na kushikanishwa kwa vidoa vya weldingi. Datsun 1200 ilitoka kiwandani na injini ya cc 1171 na uzito unaokaribia kilo 700, na kwa kazi hiyo bodi yake ilitosha. Ukiipandikiza injini ya Toyota ya 4A-GE au kubwa zaidi, ukaifunga na tairi zinazong'ata lami, unaidai bodi ileile kazi ambayo haikuundiwa.

Klachi inapoachiwa, injini huizungusha propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, upande mmoja na yenyewe husukumwa upande wa pili. Katika magari ya aina hii pembe ya mbele ya kushoto hunyanyuka kuliko ya kulia, na kule nyuma ekseli hujaribu kulipunguzia gurudumu la kulia uzito. Bodi laini hujisokota katikati kama nguo inayokamuliwa, na gari huondoka likiyumba badala ya kuondoka likiwa limenyooka. Dalili zake hazifichiki: milango iliyokuwa ikifungika vizuri huanza kugoma, rangi hupasuka pale paa linapokutana na nguzo za nyuma, na kioo cha mbele hupata ufa bila kugongwa na kitu.

Kazi ya kwanza, kabla ya kununua hata kipande kimoja cha bomba, ni kutafuta kutu. Hapa Pwani hewa ya chumvi hula gari kutoka ndani kwenda nje, na gari lililolala miaka mingi uani Likoni au Nyali linaweza kung'aa kwa rangi ilhali vizingiti vyake vimekuwa unga. Toa viti, zulia na lami ya sakafuni, kisha gonga kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua kuanzia kwenye ukuta wa injini hadi kwenye buti. Bati zima hulia. Lililoliwa hutoa sauti butu, na bisibisi huzama humo bila taabu. Pitisha sumaku kwenye vizingiti pia, kwa kuwa mahali isiposhika huenda pamejazwa puti. Viraka vya bati vilivyobandikwa kwa ribiti na kufunikwa lami, ambavyo ni vingi mno katika magari yetu, viondolewe vyote na mahali pake pashonewe bati jipya. Mtu asiyekuwa tayari kuifanya kazi hii asiendelee, kwa sababu bomba nene lililochomelewa kwenye bati bovu huling'oa bati hilo siku ya kwanza.

Baada ya hapo hakikisha kwamba gari limenyooka. Lisimamishe mahali tambarare, shusha timazi kutoka kwenye bolti za mkono wa mbele na kutoka kwenye mashikio ya springi za nyuma, weka alama za chaki sakafuni, kisha ondoa gari na upime mishazari. Mishazari miwili ikitofautiana kwa zaidi ya milimita tano hivi, gari lilikwisha kugongwa au limelegea, na linahitaji kunyooshwa kwanza, kwa kuwa utakachochomelea kitaufunga upogo huo daima. Andika pia upana wa nafasi zinazouzunguka kila mlango, halafu tia jeki chini ya pembe moja ya mbele, inua mpaka gurudumu liachane na ardhi, upime tena. Tofauti utakayoiona ndiyo kipimo cha ulegevu wa bodi yako, na utakirudia kipimo hicho kazi ikikamilika.

Sasa tunafika kwenye kiini cha kazi. Kwa kawaida mihimili ya mbele inayobeba injini huishia chini ya viti vya mbele, na ile ya nyuma huanzia karibu na mashikio ya mbele ya springi. Kati yake hakuna kitu ila bati la sakafu. Kuiunganisha mihimili hiyo kwa mabomba mawili ya mraba, moja kila upande, kunaleta faida kubwa kuliko badiliko lingine lolote la gharama hiyo, na kwa maoni yangu mtu mwenye fedha kidogo aanzie hapo, wala asivutiwe kwanza na mabomba ya kupendeza yanayoonekana dirishani. Bomba la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 3 lina uzito wa zaidi kidogo ya kilo nne kwa mita, kwa hiyo jozi ya mabomba ya mita moja na robo huongeza kiasi cha kilo kumi tu. Lile la geji 16 wanalotumia mafundi wa madirisha na mageti halifai, kwa kuwa unene wake ni kama milimita 1.5 na hujikunja kwenye maungio.

Jambo linaloharibu kazi nyingi ni namna gari lilivyosimamishwa wakati wa kuchomelea. Likiinuliwa kwa jeki chini ya sakafu huku magurudumu yananing'inia, ncha zake huzama, na ukilichomelea katika hali hiyo umelifunga likiwa limepinda. Uzito wote sharti ukae juu ya springi: magurudumu yawe juu ya rampu imara, au stendi ziwekwe chini ya ekseli ya nyuma na chini ya mikono ya mbele. Injini na giaboksi vibaki mahali pake, milango ifungwe, na mfuko wa saruji wa kilo 50 pamoja na ndoo ya mchanga viwekwe mahali pa kiti cha dereva. Gereji zenye shimo hurahisisha kazi, lakini gesi ya mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya na gesi, na mvuke wa petroli ni vizito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo shimo lisilopitisha upepo linaweza kumwangusha fundi kabla hajajua kinachotendeka.

Tangi la petroli litolewe kabisa, mabomba ya petroli na ya breki yasogezwe, nyaya za betri na za altaneta zifunguliwe, na mtu mmoja akae ndani ya gari na kizima moto pamoja na magunia yaliyoloweshwa. Kwangarua rangi kwa grainda mpaka chuma king'ae. Njia iliyo bora ni kuikata sakafu kwa mstari na kulizamisha bomba, ili liungane na bati kwa urefu wake wote. Ukilipitisha chini bila kukata, ziba nafasi iliyobaki kwa vipande vya bati la milimita mbili kila baada ya shubiri. Kila ncha ilalie mhimili wa asili kwa sentimita 15 au zaidi, na bamba la milimita 3 lifunike ungio kwa ubavuni. Usitegemee bolti peke yake hapa, maana matundu yake hupanuka na ulegevu hurudi.

Mashine ya MIG yenye waya wa milimita 0.8 ndiyo inayofaa. Elekeza moto kwenye bomba nene, kisha uusukume mchirizi wa chuma kilichoyeyuka kuelekea kwenye bati, wala usianze kwenye bati kwani litatoboka. Choma sentimita mbili na nusu, hamia upande wa pili wa gari, rudi pale pa kwanza pakiwa pamepoa. Anayechoma upande mmoja mfululizo hulivuta gari zima kwa joto. Miezi ya kusi usifanye kazi hii uwanjani bila kuweka turubai, kwa sababu upepo huipeperusha gesi na mchirizi hujaa vitundu.

Springi za nyuma nazo zina msukumo wake. Mashikio yake ya mbele ndiyo yanayolisukuma gari, hivyo yazungushiwe kisanduku cha bamba la milimita 3 kinachoungana na kizingiti. Propela iwekewe kitanzi cha kuishika ikikatika. Kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, hutaka chuma chenye unene wa inchi robo na upana wa inchi mbili, kisichozidi inchi sita kutoka kwenye ungio la mbele.

Kuhusu upinde wa usalama nyuma ya dereva, kanuni hizohizo huulazimisha kwa magari yanayomaliza robo maili kwa sekunde 11.49 au chini yake, na keji kamili, yaani fremu ya mabomba inayomzunguka dereva, kwa sekunde 9.99 au chini yake. Mbio rasmi za Kenya ziko chini ya KMSF, ambalo ni shirikisho la mbio za magari la Kenya linalotambuliwa na FIA, shirikisho la kimataifa la magari, na kanuni za FIA hutaka upinde mkuu uwe wa bomba lisilo na mshono, la milimita 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2. Bomba la maji la mabati halina nafasi hapa hata likionekana nene, na moshi wa zinki yake ni sumu kwa anayechomelea. Miguu ya upinde isisimame juu ya sakafu tupu: iwekewe bamba la milimita 3 lenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, lililopandishwa mpaka kwenye kizingiti. Mikono yake ya nyuma ikishuka karibu na mashikio ya nyuma ya springi, upinde huo hukaza bodi pia. Waone wakaguzi wa mbio kabla ya kukata bomba.

Mchirizi mpya ukiachwa wazi usiku mmoja tu hapa Mombasa huamka na wekundu, kwa hivyo usafishe kwa brashi ya waya na upake praima ya zinki siku hiyohiyo. Usiusuuze kwa maji ya kisima, ambayo mara nyingi yana chumvi. Ziba ncha za mabomba kabisa. Rangi ya mwisho iwe nyeupe au ya kijivu hafifu, kwani ufa mwembamba huonekana upesi juu yake.

Rudia kipimo cha jeki na ulinganishe na maandishi yako ya awali. Miondoko ya kwanza iwe ya nguvu ndogo, na baada ya kila mmoja ingia chini ya gari na tochi, ukague ncha nne za mabomba, mashikio ya springi na miguu ya upinde. Ufa ukitokea, usiujazie juu: ukate wote, tafuta bati lililousababisha, kisha uchomelee upya gari likiwa limesimama kwa uzito wake.