Waya za meno: miezi yake, maumivu yake na chakula chake

Mwanangu wa kike alifungwa waya za meno akiwa na miaka 13. Sisi tunakaa Chake Chake, Pemba, na daktari wake yuko Unguja, kwa hiyo haya nimeyajua kwa nauli ya boti. Kila mzazi anonikuta huuliza hilo hilo, itachukua muda gani? Watoto wengi ni mwaka na nusu mpaka miwili, yaliyopandana kidogo yanaweza kumaliza kwa mwaka, na yale mazito hufika hata mitatu. Na hapo nahesabu waya tu, riteina bado, kile kifaa cha kuvaa waya zikishavuliwa ili meno yasirudi yalikotoka.

Siku ya kwanza usitegemee kufungwa. Watapiga eksirei, watamng'atisha dawa laini kama unga uliokandwa wapate umbo la meno, na kama kuna tobo lazima lizibwe kwanza. Pengine nafasi haitoshi, hapo utaambiwa kung'oa, mara nyingi yale magego madogo yaliyo nyuma ya chonge. Mie niligoma kabisa, jino zima la mtoto halina hata doa ling'olewe! Mpaka nikaonyeshwa kwenye picha chonge limekwama huko juu ndani ya ufizi halina pa kushukia, ndo nikakubali. Na wewe omba uonyeshwe. Tena ulizia bei nzima mapema, na riteina imo au haimo.

Kufunga kwenyewe hakuumi, braketi, vile vipande vidogo vinavyoshika waya, zinagandishwa kwenye meno kwa gundi na kumulikwa taa ya buluu, basi. Maumivu yanakuja baadae, saa chache tu ukisharudi nyumbani, na siku ya pili ndo kali zaidi. Wangu alishindwa hata kung'ata boflo, nikawa nalichovya kwenye chai mpaka lilainike. Siku tatu nne hivi, wengine wiki, huwa yashapoa. Uji, mtori, muhogo wa nazi uliopikwa ukaiva sawasawa, samaki wa kuchambua, na panadoli kwa kipimo chake. Shavu likichubuka sukutua maji ya chumvi, na ile nta wanayokupa finyanga kidogo ubandike juu ya braketi inayokwaruza, kausha kwanza kwa pamba la sivyo haishiki.

Kwa nini inachukua muda wote huo? Jino halitelezi tu, mfupa wa upande linakosukumwa unaliwa taratibu na upande wa nyuma yake unajengwa mpya, na kazi hiyo ni kama milimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo usimwambie daktari akaze sana mmalize haraka, nguvu ikizidi inaweza kula mizizi ya meno.

Kinachochelewesha kweli ni kukosa miadi. Utaitwa kila wiki 4 mpaka 8. Sisi mwaka ule kusi limevuma, bahari imechafuka, mara mitihani ya skuli, tukakosa mara mbili mfululizo na hapo katikati braketi mbili zishabanduka tukaziacha tu, ile miezi 18 tuliyoambiwa ikawa 23. Ikibanduka piga simu siku hiyo hiyo. Na zile raba za kuvuta taya akipewa avae kama alivyoambiwa, akivaa usiku tu wakati kaambiwa kutwa nzima taya haliendi popote.

Braketi nyingi zinabanduka kwa chakula. Kashata, miwa, korosho, mahindi ya kuchoma, barafu, ubuyu ndo mbaya zaidi maana mtoto hamungunyi tu, anavunja na kokwa. Urojo ale, lakini zile chipsi kavu za muhogo aache au azisubiri zirowe. Embe na tufaa kata vipande vidogo. Ramadhani sisi tulipata taabu ya tende, zinang'ang'ania kwenye waya na ukiacha mpaka baada ya tarawehe ni sukari imekaa pale saa nzima, basi tukaweka mswaki karibu na sinia. Meno yasiposafishwa pembeni ya braketi yanatoka madoa meupe na waya zikivuliwa madoa yanabaki, kwa hiyo kioo, mswaki laini, juu ya waya, chini ya waya, dakika tatu nne, mara mbili kwa siku isipungue.

Siku ya kuvuliwa kuna furaha yake wallahi, alikuwa anapitisha ulimi tu kila saa. Lakini meno yanataka kurudi yalikotoka, nyuzi za ufizi bado zinayavuta. Riteina avae kutwa kucha miezi ya mwanzo, avue akila tu, halafu kila usiku, miaka. Usiioshe kwa maji ya moto, ya plastiki inajikunja. Na nunua kibweta chake, usikubali afunge kwenye tishu, maana ya kwetu iliwekwa pembeni ya sahani kwenye harusi, ikatupwa pamoja na mifupa ya biriani, tukapanda boti tena kwenda kupimwa nyengine.