Waya wa gia na ganda lake: kusafisha, kukata na kufunga upya

Gia za baiskeli zikianza kuruka, wengi hukimbilia kukaza waya. Kwa barabara zetu za vumbi jekundu, mara nyingi ubaya uko ndani ya ganda, ule mrija unaofunika waya: vumbi limeingia, mvua imelilowesha, limekauka likawa gumu. Utaujua hivi: ukikaza, mnyororo unapanda gia ya meno mengi lakini unakataa kushuka, ukilegeza, unashuka lakini haupandi. Hapo acha kuhangaika na kukaza. Waya unakwama.

Jaribu kusafisha kwanza. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali, peleka mnyororo kwenye gia kubwa kabisa, ile ya meno mengi. Simamisha pedali, kisha rudisha leva hadi gia ndogo bila kuzungusha. Waya utalegea, na kama vishikizo vya fremu vina mpasuo, utachomoa ganda bila spana. Futa waya kwa kitambaa, utie tone la oili nyepesi. Grisi nzito usiweke, inashika vumbi. Kagua zaidi kipande kifupi kilichojikunja nyuma kabisa, maana maji na mchanga wa gurudumu huishia hapo.

Waya ukiwa na kutu, uzi mmoja ukiwa umekatika, au ganda likiwa limevunjika, badilisha vyote viwili. Waya mpya ndani ya ganda chafu ni pesa ya bure.

Dukani taja vipimo. Waya wa gia ni milimita 1.1 au 1.2, wa breki ni 1.5 au 1.6. Ganda la gia kwa kawaida ni milimita 4, na chuma chake kimenyooka kufuata urefu. La breki ni 5, chuma chake kimezungushwa kama springi. Usikubali kubadilishiwa. Ganda la breki kwenye gia hubonyea, gia zisikae sawa. Ganda la gia kwenye breki ni hatari kabisa: linaweza kupasuka ukibana kwa nguvu, na kwenye miteremko ya Kapchorwa hayo ni maisha ya mtu.

1. Weka leva kwenye gia ndogo kabisa, legeza bolti inayobana waya kule nyuma (mara nyingi alenki, ufunguo wa pembe sita, namba 5), kata ncha iliyochanika, usukume waya utokee kwenye leva. Hakikisha hakuna uzi uliobaki ndani. Kipande kidogo tu kinaweza kuzuia leva.

2. Kata ganda kwa kikata waya chenye makali, urefu ule wa zamani. Plasi butu huliponda. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: sawazisha mdomo kwa tupa hadi uwe bapa, kisha panua plastiki ya ndani kwa spoku iliyochongwa. Mdomo ukibaki umebanwa, waya mpya utakwama siku hiyo hiyo. Vika kofia kila ncha ya ganda.

3. Pitisha waya. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto; ganda likivutika, ni fupi.

4. Nati ya kurekebishia, pale ganda linapoingia kwenye mkono wa gia (ule wa nyuma unaohamisha mnyororo), ikaze yote kisha irudishe mzunguko mmoja. Vuta waya kwa mkono, uuweke kwenye mfereji wake chini ya bolti, kaza.

5. Shika waya ulio wazi kwenye fremu, uvute kwa nguvu mara kadhaa ili kofia zikae mahali pake. Utalegea. Fungua bolti, vuta, kaza tena. Anayeruka hatua hii husema waya mpya umerefuka, kumbe ni ganda lililojipanga.

6. Zungusha pedali ukibadilisha gia moja moja. Ikichelewa kupanda gia kubwa, fungua nati ya kurekebishia robo mzunguko kinyume cha saa. Ikichelewa kushuka, robo upande wa pili. Skrubu mbili za mipaka, zinazozuia mnyororo usivuke gia za mwisho, usiziguse kama zilikuwa sawa.

Acha waya sentimita 3 hadi 5 baada ya bolti, vika kifuniko, ubane kwa plasi. Kama hakuna, nati kuukuu ya spoku iliyopondwa inashika vizuri.