Kima cha chini cha mshahara ughaibuni: tafuta kiwango kinachokuhusu wewe

Mtu akihamia nchi ngeni huwauliza waliomtangulia: kima cha chini hapa ni kiasi gani? Swali zuri, ila halitoshi. Nchi nyingi zina zaidi ya kiwango kimoja. Kiwango chako hutegemea jimbo, sekta, umri, hata aina ya mkataba, na mwajiri mara nyingi anazijua tofauti hizo kuliko wewe.

Tuanze na Marekani. Kiwango cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu Julai 2009. Majimbo mengi yameweka cha juu zaidi, na panapokuwa na viwango viwili, mfanyakazi hulipwa kile kikubwa. California ilienda mbali zaidi: tangu Aprili 2024, wafanyakazi wa kampuni kubwa za chakula cha haraka hulipwa angalau dola 20 kwa saa. Kwa wahudumu wanaopokea bahashishi, sheria ya serikali kuu inamruhusu mwajiri kutoa dola 2.13 tu kutoka mfukoni mwake. Lakini bahashishi zisipofikisha 7.25, lazima ajazie kilichopungua. Sehemu hii ya pili ndiyo isiyotajwa siku ya kuajiriwa.

Australia ina tume, Fair Work Commission, inayopitia viwango kila mwaka, na vipya huanza Julai. Kuna viwango zaidi ya 100 vya sekta na fani: usafi, hoteli, ulezi wa wazee na kadhalika. Ukiwa kibarua usiye na likizo ya malipo, kwa kawaida unaongezewa asilimia 25.

Sweden, Denmark na Norway hazina kima kimoja cha kitaifa kilichowekwa kwa sheria. Viwango hutokana na makubaliano kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Norway imefanya viwango vya sekta kadhaa, zikiwemo usafi, ujenzi na hoteli, vimbane kila mwajiri hata kama wafanyakazi wake si wanachama. Sweden na Denmark, muulize mwajiri kabla ya kutia saini: je, mmefunga makubaliano na chama gani?

Kwa wanaokwenda Ghuba, tofauti ni kubwa. Tangu Machi 2021 Qatar imeweka riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri havitoi mwenyewe. Wafanyakazi wa nyumbani wamo. Saudi Arabia haijaweka kima cha namna hiyo kwa wageni, kwa hiyo tarakimu iliyo kwenye mkataba ndiyo kinga yako. Isome kabla ya kupanda ndege, na ubaki na nakala.

Ukishajua kiwango, piga hesabu ya saa zako zote. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapoumizwa, hasa walezi wanaotembelea wazee majumbani. Chukua mlezi Uingereza anayelipwa pauni 13 kwa saa, wakati kima kilichoanza Aprili 2025 kwa wenye miaka 21 na zaidi kilikuwa 12.21. Anaonekana yuko salama. Ila analipwa saa 8 za kukaa na wazee tu, na saa 2 za kutoka nyumba moja kwenda nyingine hazihesabiwi. Pauni 104 gawanya kwa saa 10, unapata 10.40. Sheria ya Uingereza inahesabu safari hizo kuwa kazi, kwa hiyo huyo mwajiri anavunja sheria. Fedha ya sare unayotakiwa kununua mwenyewe nayo huondolewa kwenye hesabu kabla ya kulinganisha na kima.

Andika kila siku saa ya kuingia na ya kutoka, kwenye daftari au simu yako, si kwenye mfumo wa kampuni pekee. Hifadhi slipu za mshahara na ujumbe wa kupangiwa zamu. Mkaguzi atataka hivyo.

Pa kupeleka malalamiko hutofautiana. Uingereza anzia Acas, shirika la umma la ushauri wa mambo ya kazi; ushauri wao ni bure. Mwajiri akikutwa na kosa hulipa deni lote, na faini inaweza kufika asilimia 200 ya deni hilo. Marekani ni Wage and Hour Division, kitengo cha Wizara ya Kazi, ambacho hulinda jina la mlalamikaji na haikuulizi habari za viza. Ujerumani ukaguzi hufanywa na idara ya forodha, Zoll. Australia ni Fair Work Ombudsman, ofisi ya serikali inayosimamia sheria za kazi, na tangu Januari 2025 kumpunja mfanyakazi kwa makusudi ni jinai.

Usikawie. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani unadai malipo ya miaka 2 iliyopita, au 3 ikithibitika mwajiri alikusudia, na kila wiki unayosubiri, wiki moja ya mwanzo inatoka kwenye dai lako.