"Nadhani" Moja, Kiingereza Kadhaa

Mwongoza watalii wa Moshi anayepandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Machame hulazimika kutoa maoni kwa Kiingereza kutwa nzima, na neno letu "nadhani" humponza, kwa kuwa Kiingereza kina njia kadhaa za kulisema na kila moja ina uzito wake.

La kila siku ni "I think", nalo hufaa pale usipokuwa na hakika kamili. "I believe" ni rasmi zaidi, lakini angalia kinachofuata: mgeni akikuambia "I believe you", amekubali kwamba husemi uongo, ilhali "I believe in you" maana yake ana imani kwamba utaweza.

"In my opinion" itunze kwa mambo yanayobishaniwa, kama vile njia ipi ina mandhari nzuri zaidi. Kuitumia unapotaja mita 5,895 za kilele cha Uhuru ni kichekesho, kwa sababu kimo hakingoji maoni ya mtu. Epuka pia "according to me", kosa ninalolisikia karibu kila wiki, kwani "according to" hutaja chanzo kingine, si msemaji mwenyewe.

Ukanushaji ndio unaotusaliti zaidi. Sisi huweza kusema "nadhani mvua haitanyesha", tukikanusha kitenzi cha pili. Mwingereza kwa kawaida hukanusha cha kwanza na kusema "I don't think it will rain".