Jinsi ya Kuzungumzia Urithishaji wa Biashara ya Familia

Mwanzilishi anayesema kwamba watoto watajua la kufanya atakapoondoka huwa na nia njema, lakini kwa kauli hiyo anawaachia kazi ngumu kuliko zote, yaani kukisia matakwa yake wakiwa katikati ya msiba. Kwa maoni yangu, kuanza miaka mitano kabla ya kung'atuka si mapema hata kidogo, kwa kuwa mrithi anahitaji kukosea wakati yule anayeweza kumrekebisha angali yupo.

Usianze na kikao cha familia nzima. Mwanzilishi na azungumze kwanza na mwenzi wake, kisha na kila mtoto peke yake, akiuliza swali ambalo aghalabu huachwa: je, unaitaka kazi hii kweli? Mtoto huona vigumu kukataa mbele ya ndugu zake, hivyo hukubali kwa heshima na kujikuta akiongoza kitu asichokipenda. Katika mazungumzo hayo sikiliza tu, wala usiahidi lolote, maana ahadi ya faragha iliyotolewa kwa watoto wawili ni ugomvi uliowekwa akiba.

Kikao kinapofika, tenganisheni mambo matatu kabla ya kutaja jina la mtu. Mwaka 1978, Renato Tagiuri na John Davis wa Chuo Kikuu cha Harvard walichora miduara mitatu inayoingiliana: familia, umiliki na biashara yenyewe. Kila mmoja na ajiulize amesimama wapi. Binti mwenye hisa asiyefanya kazi humo hutarajia gawio, ilhali kaka yake aliye meneja hutaka faida ibaki ili inunue mashine mpya. Wote wawili wana hoja, na wakishatambua kwamba tofauti yao inatokana na nafasi zao, huacha kushukiana ubaya.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapojikwaa. Kwa kuogopa kuonekana wanapendelea, huwagawia watoto wawili hisa na madaraka nusu kwa nusu, bila kuweka njia ya kuamua watakapotofautiana, na hapo uamuzi wowote mkubwa waweza kukwama. Usawa wa urithi si lazima uwe usawa wa uongozi. Mrithi mmoja anaweza kupewa hisa zenye kura nyingi zaidi, na wenzake wakafidiwa kwa mali nyingine au kwa bima ya maisha, mradi sheria ya mirathi inayowahusu iruhusu mgawanyo huo. Mkataba wa wanahisa ueleze ni nani mwenye haki ya kwanza ya kununua hisa za anayejitoa au kufariki, na zithaminiwe vipi. Mwanasheria ausome pamoja na wasia, kwani hati hizo mbili zikipingana, familia itaishia mahakamani.

Andikeni pia yale yaliyomo kichwani mwa mwanzilishi pekee: madeni, mikopo aliyoidhamini kwa jina lake binafsi, makubaliano ya mdomo na wasambazaji, na watia saini wa akaunti. Dhamana ya mkopo haihami yenyewe kwa sababu tu meneja amebadilika. Benki lazima ihusishwe mapema.

Wafanyakazi waelezwe na mwanzilishi mwenyewe, mrithi akiwa kando yake, kabla uvumi haujawafikia. Tangazo hilo litaje tarehe ya makabidhiano, maamuzi yatakayokuwa ya mrithi tangu siku hiyo, na nafasi mpya ya mwanzilishi, pengine ya ushauri yenye muda maalumu. Na mfanyakazi wa zamani akija kumwomba mwanzilishi atengue agizo la mrithi, jibu liwe moja tu: rudi ukazungumze naye.